Barua ya Kuacha Kazi Usiitoe Bure

Na Mwanachama wa Tawi, Kamenu, Thika



Zamani watu waliokuja kwenye meza ya tawi letu jioni walikuwa watu wa mashine. Kidole kimekatwa, ovataimu haikulipwa, nyapara ametukana. Siku hizi wengi wanaokuja ni watu wa shati jeupe. Ni makarani wa hesabu, wa stoo na wa mauzo, ni watunza pesa wa benki, ni vijana wanaokaa mbele ya kompyuta toka asubuhi hata usiku. Hao hawana kidonda cha kuonyesha. Mmoja asema halali. Mwingine asema akiona jina la mkuu wake kwenye simu moyo humwenda mbio. Mama mmoja alituambia kwamba kila Jumapili jioni, akianza kupiga pasi nguo za wiki, machozi humtoka, wala hajui analia nini. Kisha wote huuliza neno moja: "Ndugu, niache kazi au nivumilie?"

Nataka kulijibu neno hilo hapa, maana limeulizwa mara nyingi, na majibu wanayopewa huko nje hayawafai. Jibu la kwanza hutoka nyumbani: vumilia, kazi hakuna, wenye digrii wanaendesha bodaboda pale stendi. Jibu la pili hutoka kwa hao wanaofanya mikutano ya kufundisha watu namna ya kutajirika: toka leo, jiajiri, usiwe mtumwa wa mtu. Anayesema hivyo kwa kawaida amelipwa kiingilio mlangoni, naye kesho atakuwa mji mwingine. Majibu haya mawili yana ila moja. Hakuna linalouliza ni nani atakayepata faida wewe ukiondoka.

Mimi nasema hivi. Kuacha kazi si aibu, na wako wenzetu ambao nawaambia waache, tena upesi. Lakini barua ya kuacha kazi ni mali. Ina bei. Usimpe tajiri bure kwa sababu ya hasira ya siku moja, au kwa sababu ya mwezi mmoja wa kukosa usingizi.

Tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo lugha yetu sisi makarani. Chukua karani mwenye mshahara wa shilingi 40,000 kwa mwezi, aliyetimiza miaka 9 kazini. Kampuni ikiona meza yake haihitajiki tena, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe habari kwa maandishi mwezi mmoja kabla, kwa chama na kwa Afisa wa Leba. Yamtaka alipe likizo iliyobaki. Yamtaka atoe notisi ya mwezi au alipe mshahara wa mwezi huo. Na juu ya hayo yamtaka alipe fidia isiyopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili. Miaka 9 ni siku 135. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni mishahara minne na nusu, yaani shilingi 180,000. Ongeza 40,000 ya notisi. Jumla ni 220,000, na likizo bado hatujaihesabu.

Karani huyo huyo akiandika mwenyewe barua ya mistari mitatu, ile fidia ya shilingi 180,000 haipo tena. Atalipwa siku alizofanya kazi na likizo yake, basi. Tena yeye ndiye atakayetakiwa kutoa notisi ya siku 28, na akiondoka kwa ghafula atadaiwa mshahara wa notisi hiyo.

Hata tajiri akitaka kumwondoa kwa kosa, njia yake si fupi. Sheria yamtaka amweleze karani kosa lake kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha amsikilize kabla ya kukata shauri. Asipofanya hivyo, korti yaweza kumwamuru alipe hata mishahara ya miezi 12. Lakini aliyejiondoa mwenyewe hahitaji kusikilizwa na mtu ye yote. Barua yake ikishapokewa, hawezi hata kuirudisha ila mwajiri akubali.

Sasa waona, ndugu, kwa nini katika ofisi nyingine mtu hafukuzwi, ila hukaushwa. Hupewa meza ya pili aliyeacha mwenzake, bila senti ya kuongezwa. Huhamishwa kutoka hesabu kwenda mauzo, kutoka mauzo kwenda stoo, wala haambiwi sababu. Huitwa mkutanoni na kuulizwa mbele ya watoto wadogo kwa nini ripoti imechelewa. Hupata barua ya onyo kwa jambo ambalo mwaka jana lilikuwa la kawaida. Sisemi kila tajiri hufanya hivyo kwa makusudi. Wengi hawana makusudi yo yote. Wamepunguza watu, kazi imebaki ile ile, na kila meneja amtwisha aliye chini yake. Lakini mwisho wake ni mmoja: karani huchoka, huandika barua, na kampuni huokoa shilingi 220,000 bila kutenda neno lo lote linaloweza kupelekwa kortini.

Kwa hiyo anayeniuliza kama aache, nami humwuliza kwanza ni kitu gani kinachomuuma. Watu wengi hawajalitenga jambo hili. Husema "kazi" kana kwamba ni kitu kimoja. Yawezekana kazi yenyewe haimfai: mtu hakuumbwa kuuza, naye apewa shabaha ya mauzo kila mwezi. Huyo chama hakitamsaidia sana, na afadhali atafute kazi nyingine akiwa angali ndani ya hii, maana anayetafuta kazi akiwa na kazi huulizwa maswali machache kuliko anayetafuta akiwa hana. Yawezekana ni mtu mmoja, mkuu wake. Mkuu huhamishwa, hustaafu, naye pia hufukuzwa. Mara nyingi nimeona karani akiondoka Machi na mkuu wake akiondoka Agosti.

Lakini zaidi ya yote nakuta ni uzito tu, na uzito una dawa ambayo wengi hawajaigusa. Nawauliza: likizo yako uliichukua lini? Wanyamaza. Sheria yampa kila mfanya kazi siku 21 za kazi zenye mshahara baada ya kila miezi 12. Hizo si zawadi ya meneja. Wako makarani Thika wanaohesabu likizo ya miaka miwili kama akiba ya benki, na huku mwili unakopa. Chukua likizo yako kwanza, zima simu, lala. Kisha siku ya kumi na tano jiulize tena kama wataka kuacha. Ukiona bado waogopa kurudi kama ulivyoogopa siku ya kwanza, hilo ni jibu. Ukiona hofu imepungua, basi kilichokuuma ni wingi wa kazi, na wingi wa kazi ni jambo la kudai mezani.

Vile vile masaa. Amri ya jumla ya mishahara ya Serikali imeweka mwisho wa masaa 52 kwa wiki ya siku sita, na mapatano mengi ya vyama yameshusha hapo. Saa ya ziada ni mara moja na nusu ya malipo. Siku ya mapumziko na sikukuu ni mara mbili. Fundi wa mashine ajua jambo hili usingizini. Karani, mwenye shahada yake ukutani, hufanya masaa 65 na kuona haya kudai, kwa kuwa ameambiwa ovataimu ni ya watu wa chini. Haya hiyo ni ghali. Mwezi wa Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza hesabu yao ya pamoja: mtu anayefanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa asilimia 17, kuliko mwenye masaa 35 mpaka 40. Walikadiria kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na moyo kwa sababu ya masaa marefu.

Na hapo hatujahesabu barabara. Wengi wetu twalala Kamenu kwa kuwa chumba cha Nairobi hatukiwezi, na kazi iko Nairobi, zaidi ya kilomita 40. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 tuliambiwa safari imekuwa fupi. Kweli ni fupi, saa sita ya mchana. Anayetakiwa kuwa mezani saa mbili asubuhi hutoka nyumbani saa kumi na moja kabla ya mapambazuko, na jioni husimama kwenye foleni ya matatu akirudi hali watoto wamelala. Mwenzetu mmoja wa bima alikuja akitaka kuacha kazi, na tulipokaa naye ikaonekana kazi yenyewe aipenda. Kilichomchosha ni masaa manne kwa siku ndani ya matatu. Aliomba kwa maandishi aanze saa moja baadaye na afanye siku mbili nyumbani. Alikubaliwa siku moja. Hata hiyo moja imemweka kazini.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila mtu akae. Kuna wakati ambao hesabu zote hizi ni bure, nao ni wakati mwili umekwisha kusema. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uchovu huu wa kazi katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Hawakuuita ugonjwa. Waliuita hali inayotokana na mzigo wa kazi wa muda mrefu usiotawaliwa vema, na wakaonyesha alama zake: nguvu kwisha kabisa, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kushindwa kutenda yale aliyokuwa akiyaweza. Karani aliyekuwa hakosi hesabu sasa akosa kujumlisha. Aliyekuwa mcheshi sasa awachukia wateja. Ukijiona hivyo, nenda kwa daktari kabla ya kwenda kwa meneja. Aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Na mapatano ya chama mara nyingi huongeza hapo. Nao wanaofikia kuwaza kwamba afadhali wafe kuliko kuamka Jumatatu, hao wasingoje likizo wala fidia. Wamwambie mtu usiku huo huo, waende hospitali, na barua tutaiandika sisi.

Na yuko mwingine wa kuondoka: yule anayeombwa aandike uongo. Karani wa stoo aambiwa atie sahihi mzigo asiouona, karani wa hesabu aambiwa arudishe tarehe nyuma. Mzigo wa namna hii haupunguzwi kwa likizo. Siku mambo yakifumuka, sahihi itakayoonekana ni yake.

Anayelazimika kuondoka kwa ubaya wa mwajiri asiondoke kimya. Hapa ndipo wengi huharibu. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilieleza jambo hili wazi. Mwajiri akivunja mwenyewe mzizi wa mapatano ya kazi, hata mfanya kazi asiweze tena kukaa, na mfanya kazi akaondoka kwa sababu hiyo, sheria yaweza kumhesabu kuwa amefukuzwa, ijapokuwa barua ameandika yeye. Lakini ushahidi ni juu yake, wala asiwe amekaa kimya muda mrefu kama mtu aliyekubali. Sasa soma barua ambazo makarani wetu huandika: "Naacha kazi kwa sababu zangu binafsi. Nashukuru kwa nafasi mliyonipa, nawatakia kila la heri." Adabu nzuri sana! Lakini mwezi ujao akienda kushtaki kwamba alinyimwa mshahara miezi mitatu, au kwamba alitukanwa kila siku, wakili wa kampuni ataitoa barua hiyo na kuisoma polepole. Ikiwa sababu ni mwajiri, barua iseme hivyo, kwa tarehe na kwa jambo lililotendeka, bila matusi. Na kabla ya barua hiyo kuwe na nyingine za kulalamika, zilizopokewa na kutiwa mhuri. Ujumbe wa simu usiufute.

Nije kwenye fedha, maana ndiko ndoa nyingi huingia matatani. Karani anayeacha kazi huhesabu mshahara utakaokoma, akasahau madeni yatakayoamka. Mkopo wa Sacco ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara. Mshahara ukikoma, Sacco itatazama akiba yako, na isipotosha itawakata wadhamini wako. Hao ni wenzako wa meza ya pili, walioweka sahihi wakati wa chai bila kusoma. Mfanya kazi wa benki huwa na mkopo wa riba ndogo kwa kuwa ni wa nyumbani. Akitoka, riba hupanda kuwa ya mteja wa nje. Bima ya afya ya Serikali tangu Oktoba 2024 hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, nawe huoni uchungu. Asiye na mshahara hupimwa mapato ya nyumba yake, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja. Fedha zako za NSSF hazifunguki kwa sababu umechoka; zangoja umri, miaka 60, au 50 kwa aliyeacha kazi mapema. Mwenye kujua haya yote na akaiweka kodi ya miezi sita pembeni, huyo aweza kuzungumza na meneja akiwa ameketi sawasawa kitini.

Tena asidanganywe na fedha za mkupuo. Katika miaka ya 1990 Serikali ya Kenya, kwa kusukumwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, iliwataka watumishi wake wa vyeo vya chini, toka kundi A hadi G, waondoke kwa hiari kabla ya umri. Makumi ya maelfu waliondoka. Walikuwa makarani, matarishi, madereva, wapiga chapa. Walipewa kiinua mgongo, wakapongezwa, na wengi wakaambiwa sasa ni wafanya biashara. Kila mtu wa umri wangu katika mtaa huu amjua mmoja wao. Alinunua matatu kuukuu ikafa njiani, au alifungua duka pembeni mwa maduka mengine matano, au jamaa walikuja kumsalimu hata fedha zikaisha. Hawakuwa wajinga. Walizoea fedha inayokuja kila mwisho wa mwezi, wakapewa ya miaka kadhaa kwa siku moja, wala hakuna aliyewafundisha kuigawa. Mabenki nayo yalipita njia hiyo mwaka 2016 na 2017, baada ya sheria ya kuzuia riba: kuondoka kwa hiari, kwa malipo. Waliofaidika ni wale waliokuwa wamekwisha kuanza jambo lao kabla ya barua.

Kwa ajili hiyo simchukii karani anayeuza mayai ofisini, au anayelima nyanya upande wa Ngoliba siku za Jumamosi. Watu humcheka. Lakini huyo amepima. Amejua kuku hufa, ndovi hushuka bei, mteja hukopa na kupotea. Akisema "naacha", asema mtu aliyeona upande wa pili wa mto.

Sasa neno juu yetu sisi wenyewe wa chama, nalo wakubwa wasikasirike. Makarani hawakuwa wakituamini, na walikuwa na sababu. Mapatano yetu yataja glavu, buti, maziwa kwa watu wa rangi, masaa ya zamu. Tafuta humo neno moja juu ya meza: mtu akiondoka, kazi yake ifanywe na nani, kwa muda gani, kwa malipo gani? Halimo. Tajiri naye amejua njia ya kuwatoa chamani. Humpa karani jina la "ofisa" au "meneja msaidizi", humwongezea elfu mbili, kisha asema huyu sasa ni upande wa usimamizi, hawezi kuwa mwanachama wala kudai ovataimu. Anasimamia nani? Hana hata tarishi. Nasema kila mwenye cheo cha namna hiyo alete barua yake ya kazi tuisome, maana kinachotazamwa ni kazi anayoifanya, siyo neno lililochapwa kwenye kadi.

Na simu za usiku. Ufaransa, tangu Januari 2017, makampuni yenye wafanya kazi 50 au zaidi yatakiwa kuzungumza na vyama juu ya haki ya mtu kuzima simu ya kazi baada ya masaa. Kwetu mswada wa namna hiyo uliletwa katika Seneti mwaka 2022. Mswada si sheria, lakini hatuhitaji kungoja Seneti. Mapatano ya chama yaweza kuandika jambo hilo kesho: ujumbe uliotumwa baada ya saa kumi na mbili jioni hujibiwa asubuhi. Katika mapatano yajayo naomba neno hili, pamoja na lile la meza iliyoachwa, liwe juu ya karatasi, lisiwe mwishoni kule ambako wajumbe wamechoka na wanataka kwenda nyumbani.

Wako wanaosema kwamba mtu wa ofisi si mtu wa chama. Tom Mboya alikuwa mtu wa ofisi. Mwaka 1951 aliajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya. Alisimulia mwenyewe jinsi bibi mmoja wa Kizungu alivyoingia chumba alimokuwa akipima maziwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu. Mwafrika aliyefanya kazi ile ile na Mzungu alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wake. Mtu mwenye kiburi kama yeye angeweza kuandika barua wiki hiyo hiyo. Alikaa, akakigeuza chama cha burudani na maombi cha watumishi Waafrika wa Halmashauri kuwa chama kamili cha wafanya kazi wa serikali za mitaa mwaka 1952. Alipotoka katika kazi hiyo mwaka 1953, hakutoka mikono mitupu: alikuwa na chama nyuma yake, na kazi ya ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi ikimngoja. Sisi sote hatutakuwa Mboya, na hatutakiwi. Nalitaja kwa sababu vijana hudhani kwamba kukaa ni woga.

Basi aliye katika shauri hili asiandike barua peke yake usiku. Meza ya tawi iko wazi jioni baada ya kazi. Aje na barua ya kuajiriwa, hati za mshahara za miezi mitatu ya nyuma, karatasi ya likizo, barua za onyo kama zipo, na taarifa ya Sacco ionyeshayo deni na wadhamini. Kama ana mume au mke, aje naye, maana mara nyingi mwenye nyumba ndiye wa mwisho kuambiwa. Na aliyekwisha kuandika na kutoa barua wiki hii, aje vile vile: kuna siku 28 za notisi, kuna likizo ya kulipwa, na kuna cheti cha utumishi ambacho mwajiri hana ruhusa ya kumnyima. Cheti hicho huonyesha jina la mwajiri, kazi iliyofanywa, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Asikubali kuondoka lango la kampuni bila hicho mkononi.